Bi Harusi, Kabla ya Udi Tia Dawa: Kipochi Chepesi cha Safari ya Kigoma



Msimu wa harusi umeingia na mabegi yanajazwa. Mama anahesabu doti za kanga, somo anapanga udi, liwa na karafuu, wifi anauliza kama viatu vya dhahabu vimeshapatikana. Yote mazuri, na kila kimoja kina nafasi yake. Lakini zitazame orodha za vitu vya bi harusi zinazopitishwa mkono kwa mkono. Utakuta aina nne za uturi, utakuta chetezo cha safari, na hutakuta hata plasta moja wala sindano na uzi.

Rai yangu leo ni moja na nitaitetea: kipochi kidogo cha huduma ya kwanza na cha kutengenezea vitu kiwe sehemu ya begi la bi harusi, kama zilivyo kanga. Na bi harusi anayekwenda Kigoma, iwe ni kwa wakwe zake Ujiji au ni fungate ya kutembea milimani pembeni mwa Ziwa Tanganyika, kwake hili ni lazima kabla halijawa pambo.

Kwa nini nimeitaja Kigoma? Kwa sababu huko ni kwetu na ni mbali, vyote kwa pamoja. Ujiji ndiko ilikoishia njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Watu wa pwani walikaa, wakaoa, wakajenga misikiti, na mpaka leo mwanamke wa Unguja akifika Ujiji anakuta mtandio, kanga na Kiswahili kama alivyoviacha nyumbani. Familia nyingi za huku zina ndugu kule. Basi tunasafiri kwa moyo mwepesi, kama tunaokwenda Mkokotoni.

Ila hatuendi Mkokotoni. Ukishashuka boti Dar es Salaam, zimebaki zaidi ya kilomita 1,200 kwa basi au kwa treni ya reli ya kati. Ukifika Kigoma mjini upo salama, kuna Hospitali ya Rufaa ya Maweni na maduka ya dawa. Lakini maharusi hawaishii mjini. Wanapanda boti ya mbao kwenda Gombe, au wanateremka kusini zaidi ya kilomita 100 kwenda Mahale, au wanapelekwa kuwaamkia wazee katika kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Gombe haina barabara ya gari. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470. Upepo ukichafuka, nahodha mwenye akili hang'oi nanga. Kwa hiyo mtu akijikata, akiungua au akiharisha usiku, saa za mwanzo ziko mikononi mwa waliopo na kwa kile walichobeba.

Mama mmoja na kibanda chake

Julai 1960 msichana wa miaka 26, Jane Goodall, alifika Gombe kuwachunguza sokwe. Wakubwa wa wakati ule hawakukubali mwanamke kijana akae porini peke yake, kwa hiyo alifuatana na mama yake, Vanne. Dunia nzima inamjua binti, lakini mimi namtazama mama. Alifungua kijizahanati chini ya paa la nyasi kwa ajili ya wavuvi wa pale, akiwa na dawa ndogondogo tu kama aspirini na plasta. Alikuja mtu mwenye vidonda vikubwa mguuni, asiyetaka kwenda hospitali Kigoma. Yule mama alivisafisha kwa maji ya moto kiasi yenye chumvi, yakidondoka kidogokidogo, siku baada ya siku, mpaka vikapona. Hakuwa daktari. Alikuwa na vitu vichache, usafi na subira, na wavuvi wakawa majirani wema kwa familia yake.

Lakini hadithi hiyo ina upande wa pili. Mama na binti walikuwa wameambiwa kwamba eneo lile halina malaria, kwa hiyo hawakuchukua dawa yake. Haukupita muda mrefu wote wawili wakalala kwa homa kali ndani ya hema moja. Joto la mama lilipita nyuzi 40, na usiku mmoja alitoka nje akaanguka akazimia, mpaka mpishi wao alipomkuta. Walipona, lakini kwa shida. Waliojiandaa kwa vidonda vya watu hawakujiandaa kwa homa yao wenyewe.

Hapo ndipo panapotugusa sisi wa visiwani. Kwetu Unguja na Pemba malaria imepungua sana, na wapo wasichana wengi waliofikia umri wa kuolewa bila kuugua hata mara moja. Alhamdulillah kwa neema hiyo. Ila mwili usioijua malaria hauna kinga nayo, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi. Mwenyeji wa Ujiji anaweza kuichukulia homa kama mafua. Wewe usifanye hivyo. Bi harusi ana jambo jingine pia: anaweza kuwa amebeba mimba changa na hajui, na malaria kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa kiumbe alichokibeba. Kwa hiyo kabla ya safari muone daktari akwambie kama utahitaji dawa ya kinga na ipi inakufaa. Chukua chandarua chepesi chenye dawa. Na ukipata homa ukiwa kule, au wiki kadhaa baada ya kurudi, kapime siku hiyohiyo na umwambie anayekupima kwamba umetoka Kigoma.

Dawa hazikai kwenye mzigo wa mtu mwingine

Mfano wa pili unaihusu Ujiji yenyewe. David Livingstone alikuwa daktari. Aliondoka hapa Zanzibar mwaka 1866 akiwa na sanduku lake la dawa, na nyumba inayoitwa kwa jina lake ipo mpaka leo mjini kwetu. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kijana aliyezoea kulibeba sanduku lile alibadilishana mzigo na wenzake wawili kwa siku moja tu. Wale wawili wakatoroka nalo, kwinini ikiwemo. Livingstone aliandika kwamba aliona kama amehukumiwa kufa. Miaka miwili baadaye, Machi 1869, aliingia Ujiji mgonjwa wa mapafu, amebebwa, akakuta na shehena aliyotegemea kuipata pale sehemu kubwa imeshapotea. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871 alikuta mtu aliyedhoofika sana.

Mimi nachukua funzo moja dogo. Daktari mzima, mwenye ujuzi wote, alibaki mikono mitupu kwa sababu dawa zote zilikuwa katika sanduku moja na sanduku lilikuwa kwa mtu mwingine. Sasa fikiria sisi tunavyosafiri. Vidonge tunavitia kwenye begi kubwa, begi linapandishwa juu ya basi au linashindiliwa chini kabisa ya boti, na sisi tumekaa na mkoba wenye simu na lipustiki. Mtoto akianza kutapika katikati ya ziwa, nani atashusha magunia ya dagaa kulitafuta begi lako?

Kipochi kikae nawe mwilini, na kwa kuwa kitakaa nawe, lazima kiwe chepesi. Uzito si jambo la uvivu. Njia za Gombe zinapanda mlima kweli, na mzigo usiousikia sebuleni unausikia magotini. Mtu aliyechoshwa na begi huanza kupunguza vitu, na kitu cha kwanza kuachwa ni kile ambacho hakijatumika bado. Kwa hiyo nasema kipochi chote kisizidi nusu kilo. Kifungashe katika kikasha chepesi cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, maana boti za ziwani zinarusha maji.

Kiwe na nini

Kwa watu wawili na safari ya wiki moja, mimi ningetia hivi.

Kwa majeraha: plasta kumi za ukubwa tofauti, vipande vichache vya shashi safi, bandeji moja ya kawaida na moja ya kuvuta kwa mguu uliotenguka, glovu jozi mbili, mkasi mdogo, kibano cha kutolea miba, na kipande cha sabuni. Kidonda husafishwa kwa maji safi mengi na sabuni pembezoni mwake. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi na usiachie kila dakika kuchungulia. Ukiungua, weka chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mawese na unga wa ngano vibaki jikoni.

Kwa tumbo na homa: paketi sita za ORS, vidonge vya kutibu maji, parasetamoli karatasi moja, dawa ya mzio karatasi moja, na kipimajoto kidogo. ORS ndiyo dawa ninayoipigia debe kuliko zote. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, mwambao wa ziwa, kipindupindu kikaingia na maelfu wakaugua. Ugonjwa ule unaua kwa kuukausha mwili, na silaha ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo. Paketi zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kukwangua, vitakusaidia njiani kuelekea zahanati. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo nguvu.

Kwa mambo ya mwanamke: pedi za akiba, hata kama hesabu inaonyesha bado siku kumi. Safari na harusi huvuruga hesabu.

Kwa vitu vinavyoharibika: sindano mbili, uzi mweusi na mweupe, vifungo viwili, pini sita za kujifunga zenyewe, kipande cha mshumaa cha kulainisha zipu, na selotepu ngumu ya kitambaa uliyoizungushia kalamu ili usibebe gurudumu zima. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu utaununua Kigoma kwa bei ndogo. Hakuna uzi bora kuushinda kwa mkanda wa begi uliokatika au kobazi iliyoachia.

Wapo watakaosema sindano na uzi ni upuuzi. Muulize mwanamke ambaye abaya yake imepasuka kuanzia goti kwenda juu wakati anapanda boti, na pwani nzima inatazama. Kwetu sisi stara ni ibada, na pini mbili zinaweza kukuhifadhia stara yako mpaka ufike pa kushonea. Kiatu nacho ndivyo. Ukikatikiwa na kiatu juu ya mlima utateremka pekupeku, na hapo jeraha halina budi kuja.

Na kanga je? Kanga huihesabu katika uzito kwa sababu unayo tayari. Ikunje pembe tatu, ni kibebeo cha mkono uliovunjika. Isimamishe kwa watu wawili, ni pazia la mgonjwa. Mbili zilizofungwa vizuri hubeba mtu. Basi katika doti zako ishirini chagua moja ya pamba nzuri iende na kipochi.

Na visiwemo

Usibebe antibiotiki za mabaki ulizopewa na jirani. Usibebe dawa za malaria kwa nia ya kujitibu bila kupima, kwa sababu si kila homa ni malaria na si kila malaria inangoja ukosee kwanza. Usizitoe dawa katika karatasi zake ukazichanganya kwenye kikopo kimoja. Ukikata karatasi ya vidonge, bakisha upande wenye jina na tarehe. Usihamishie dawa ya maji kwenye kichupa cha uturi; usiku hauna macho. Na anayeweza kuwa mjamzito asimeze hata dawa ya maumivu bila kuuliza, kwani zipo zinazomdhuru mtoto.

Wembe wa kuchanja sehemu iliyoumwa na nyoka nao uache nyumbani. Akiumwa mtu, mtulize, asitembee, asifungwe kamba ya kukata damu, asinyonywe wala kukatwa. Mvueni haraka pete na bangili kabla mkono haujavimba, na hili bi harusi alisikie vizuri kwa kuwa mikono yake imejaa dhahabu. Kisha hospitali, kwa chombo cha kwanza kitakachopatikana.

Hoja za wanaonipinga

Wa kwanza ni bibi zetu: "Mnamchuria mwari! Anakwenda kwenye furaha nyie mnamfungia dawa." Nawaheshimu, lakini sikubali. Uchuro hauna nafasi katika dini yetu. Mtume wetu (S.A.W.) alimuelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza kisha amtegemee Allah, na alituhimiza kujitibu. Tawakkul haijengwi juu ya uzembe. Tena wanawake wa mwanzo wa Uislamu walijua kazi hii. Rufayda al-Aslamiyya alikuwa na hema lake Madina alimowatibu majeruhi, na Umm Atiyya alitoka na jeshi mara saba akihudumia wagonjwa. Hakuna aliyesema wanachuria.

Wa pili wanasema: "Mume yupo, hiyo kazi yake." Mume mwema atanunua dawa, ndiyo. Lakini mume naye huugua. Siku yeye ndiye mwenye homa nyuzi 39 na mpo kijijini, utamtafuta nani? Na zipo sehemu za mwili ambazo ungependa mwanamke mwenzako ndiye azifunge bandeji, nyuma ya kanga, kabla hamjafika kwa tabibu. Kipochi kilichokamilika humpa nafasi hiyo wifi au jirani. Ila tusielewane vibaya: ukihitajika uhai na daktari aliyepo ni mwanamume, dharura ina hukumu yake, na kuchelewa kwa haya si uchamungu.

Wa tatu wanasema vijijini kuna zahanati na maduka ya dawa muhimu. Zipo, na ndiko unakotakiwa kuelekea. Kipochi si mbadala wa zahanati. Kinakufikisha zahanati ukiwa hujakauka, hujatokwa na damu nyingi na kidonda chako hakijaoza. Anayekitumia ili asiende kwa daktari amekigeuza kuwa adui.

Hoja ya nne naipa haki yake: kipochi bila elimu ni pambo. Kweli kabisa. Mwenye bandeji ambaye hajui kuifunga hana tofauti na asiyekuwa nayo. Ndiyo maana rai yangu haiishii dukani. Siku za mwari kukaa ndani anafundishwa mengi: kupika, kujipamba, kuishi na mavyaa. Somo aongeze saa moja tu ya kuzuia damu, kuchanganya ORS na kufunga kifundo cha mguu. Ustadhati naye amfundishe namna ya kutawadha mwenye bandeji. Fiqhi ya Imamu Shafi imelieleza jambo hilo la kupangusa na kutayamamu kwa utaratibu wake, na si vizuri mtu kuacha sala njiani kwa sababu ya plasta, au kubandua bandeji kila wakati wa sala mpaka kidonda kikakataa kupona.

Tunachozungumzia hapa ni gharama ndogo kuliko chupa moja ya uturi mzuri. Sisemi uturi uachwe. Nasema wanaochangia begi la bi harusi wagawane tofauti kidogo: shangazi mmoja aache kununua seti ya tano ya mashuka, alete kipochi kilichojaa, na akikabidhi amueleze mwari kila kilichomo na kazi yake. Zawadi hiyo hupewa mtu kwa dua ya kwamba asiihitaji. Asipoihitaji yeye, kuna abiria mwenzake botini, kuna mtoto wa jirani Ujiji aliyekanyaga ndoana, kuna mavyaa aliyejikata na kisu cha samaki. Na mkwe anayeingia nyumba mpya akakutwa anajua kufunga kidonda, nyumba hiyo imeshampokea.

Allah awajaalie maharusi wote mapenzi na huruma, awafikishe salama waendako na awarudishe salama. Dada, kabla hujafunga zipu ya begi, hakikisha kipochi kipo kwenye mkoba wa mkononi.

Amin.